Kamshafti Kali kwa Gari la Wikendi: Kuchagua, Kufunga na Kutyuni kwa Hewa ya Nairobi

Anayetaka kufunga kamshafti kali (shafti yenye nundu zinazofungua valvu, iliyochongwa ili valvu zikae wazi kwa muda mrefu zaidi) kwenye gari analoliendesha Jumamosi na Jumapili jijini Nairobi anapaswa kuanza na jambo ambalo katalogi haitamwambia. Takwimu nyingi zilizomo humo, iwe ni mizunguko ya sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagiwa mafuta), ombwe la manifoldi (mvuto wa hewa kwenye mabomba ya kuingiza) au mahali nguvu inapoanza kusikika, huandikwa kwa kuchukulia hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa huo, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni 101. Hii ni kusema kwamba karibu moja ya tano ya hewa imekwisha kupotea kabla hujazungusha ufunguo, na kamshafti ambayo mtu wa pwani angeiita ya wastani huku huanza kuonyesha tabia za kamshafti ya mashindano pindi gari linapotambaa kwenye foleni. Ushauri wangu ni kuchagua kamshafti iliyo daraja moja chini ya ile unayoitamani, na hayo yanayofuata ni namna ya kulijua daraja hilo kwa vipimo badala ya sifa za dukani.

Mfano nitakaoutumia ni Corolla ya zamani yenye injini ya 4A-GE ya valvu 16, kwa sababu vipimo vyake vinajulikana vizuri, na kwa sababu ina kamshafti mbili, moja ya valvu za kuingiza na nyingine ya valvu za kutoa, jambo linalompa mwenye gari nafasi kubwa ya kurekebisha. Mwenye Datsun au Escort ya kamshafti moja atafuata njia ileile, ila atakuwa na uhuru mdogo zaidi.

Pima injini uliyo nayo

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, pima kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda hulitoa. Injini iwe imepata moto, plagi zote zitolewe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini, na betri iwe na nguvu ya kutosha kuzungusha stata bila kulegea. Usishtuke kwa namba utakayoiona: injini ambayo ingesoma psi (pauni kwa inchi ya mraba) 180 Mombasa itasoma takriban psi 147 hapa, nayo haina ugonjwa wowote. Wako wenye magari walioambiwa wabadilishe ringi kwa sababu tu fundi alilinganisha geji yake na kitabu cha kiwandani bila kukumbuka alipo. Kinachojalisha ni ulinganifu. Silinda iliyo dhaifu isipungukiwe na zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na iliyo bora, kwa kuwa kamshafti kali hudhihirisha udhaifu ambao kamshafti ya kiwandani ilikuwa inauficha.

Kisha unganisha geji ya ombwe kwenye manifoldi ya kuingiza, injini ikiwa sailensi. Injini nzima yenye kamshafti yake ya asili husoma inchi 18 hadi 20 za zebaki pwani, na hapa Nairobi husoma kama inchi 13 au 14, kwa sababu hewa ya nje yenyewe ni inchi 24 tu badala ya karibu 30. Andika namba hiyo mahali usipoipoteza. Hiyo ndiyo akiba yako, na kila digrii utakayoiongeza kwenye kamshafti italipwa kutoka humo.

Kuisoma karatasi ya kamshafti

Muda wa valvu kubaki wazi huhesabiwa kwa digrii za krankshafti, au kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), nayo kamshafti huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Tatizo ni kwamba watengenezaji hawaanzi kuhesabu mahali pamoja. Mmoja huanza valvu inapoinuka kidogo tu, mwingine inapofika milimita 1, na Wamarekani wengi hutoa pia kipimo cha inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Kwa hiyo kamshafti mbili zinazoitwa 264 zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, na muuzaji asiyeweza kukuambia digrii zake zilipimwa kuanzia mnyanyuo gani wa valvu hajakuambia chochote cha kutegemewa.

Kamshafti za asili za 4A-GE ya valvu 16 ni za digrii 240. Sokoni utakuta 256, 264, 272, 288 na hata 304. Kwa gari linalopita Barabara ya Thika saa kumi na moja jioni, lenye kompresheni ya kiwandani, 256 ni chaguo la raha na 264 ndiyo mpaka, tena kwa sharti kwamba kompyuta ya injini inaweza kutyuniwa. Anayeng'ang'ania 272 akubali kwanza kuongeza kompresheni na kufanya kazi ya breki nitakayoieleza hapa chini. Kuanzia 288 kwenda juu ni za gari linalofika uwanjani likiwa juu ya trela.

Mnyanyuo ni habari nyingine, na mara nyingi ndio unaodharauliwa. Kuinua valvu zaidi huongeza hewa bila kurefusha sana kile kipindi ambacho valvu ya kuingiza na ya kutoa huwa wazi kwa pamoja, kipindi ambacho ndicho chanzo cha sailensi ya kugugumia. Ukipata kamshafti mbili za digrii zinazokaribiana, chukua yenye mnyanyuo mkubwa zaidi, mradi springi na tepeti (vikombe vinavyosukumwa na kamshafti ili kufungua valvu) zinauhimili.

Namba ya mwisho, ambayo kwangu mimi ndiyo ya kwanza, ni mahali valvu ya kuingiza inapofungwa. Pistoni haianzi kubana chochote hadi valvu hiyo ifunge, na kadiri inavyochelewa ndivyo hewa inavyorudishwa kwenye manifoldi injini inapozunguka polepole. Chukua 4A-GE ya kompresheni ya 10.3 kwa moja (hapa ni uwiano wa ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini na ikiwa juu), yenye mwendo wa pistoni wa milimita 77 na koneki (fito inayounganisha pistoni na kranki) ya milimita 122. Valvu ikifunga digrii 50 baada ya pistoni kufika chini, kompresheni inayobanwa kwa kweli ni kama 9.1. Ikifunga digrii 62, inabaki 8.4, na ikifunga digrii 70, ni 7.9. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa injini ya mwanzo ya 9.4, utapata 8.3, 7.7 na 7.2. Ukikumbuka kwamba hewa inayobanwa ni pungufu tayari kwa karibu asilimia 18, utaelewa kwa nini gari lenye 9.4 na kamshafti ya 272 hushindwa kupanda tuta kwa gia ya pili bila kulikanyagia mafuta kama la kubeba mchanga.

Hewa nyembamba ina fadhila moja, nayo ni kwamba injini haigongi (petroli haijilipui yenyewe ndani ya silinda) kwa urahisi, hivyo kuongeza kompresheni hadi 11 au zaidi kidogo ni dawa halali ya kufidia valvu inayochelewa kufunga. Lakini injini iliyotengenezwa hivyo kwa hewa ya Nairobi, kisha ikapelekwa Mombasa Desemba ikiwa na taimingi ileile ya moto (wakati plagi inapotoa cheche), itaanza kugonga kadiri barabara inavyoshuka kuelekea Voi. Kama safari za pwani zimo katika mipango yako, hakikisha kompyuta ina kipimo cha shinikizo la hewa ya nje na inarudisha taimingi nyuma hewa inapokuwa nzito. Mwenye kabureta ana hatari nyingine pia, kwa maana jeti (vitundu vya kupitishia petroli) zilizopunguzwa kuifaa Nairobi zitakuwa na petroli kidogo mno huko chini.

Wenye Subaru na Mitsubishi za taabo (turbo) wana hesabu tofauti kidogo. Taabo hufidia sehemu ya hewa iliyopotea, lakini kabla haijaamka injini ni nyonge hata zaidi, na kamshafti ndefu huichelewesha kuamka. Kwa magari hayo kamshafti iwe kazi ya mwisho. Na anayefikiria kutumia pesa nyingi kwa 4A-GE ya valvu 16 ajiulize pia kama injini ya valvu 20 kutoka Japani, ambayo hubadilisha taimingi ya kamshafti ya kuingiza yenyewe, haitampa anachokitafuta kwa usumbufu mdogo.

Breki kwanza, nguvu baadaye

Servo ya breki, kifaa kinachoupunguzia mguu kazi, hufanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la manifoldi. Mafundi wengi huhesabu inchi 10 za zebaki kuwa kiwango ambacho chini yake pedali huanza kuwa ngumu. Gari ambalo manifoldi yake huwa na kilopaskali 50 sailensi litakuwa na ombwe la inchi 15 Mombasa na inchi 9 na kitu hapa. Likiwa na kilopaskali 60, pwani litabaki na inchi 12, na hapa litakuwa na inchi sita na nusu. Hivyo kamshafti ileile ambayo mtu wa Mombasa ataisifu, akisema breki zake hazijabadilika, inaweza kukuacha kwenye mzunguko wa barabara wa Roysambu ukisimamisha gari kwa nguvu ya paja.

Jaribio lake ni rahisi. Egesha gari mahali tambarare, injini ikiwa sailensi na imepata moto, kisha kanyaga breki na kuiachia mara nne au tano kwa haraka, kama ambavyo ungefanya nyuma ya matatu isiyojua inataka kusimama wapi. Kama pedali inakuwa ngumu kwenye mkanyago wa tatu na inachukua sekunde kadhaa kulegea tena, ombwe halitoshi. Sikiliza pia sailensi: ikiyumba kila unapokanyaga, servo inanyang'anyana na injini hewa kidogo iliyopo.

Dawa zake ziko tatu. Ya kwanza ni kuhakikisha valvu ya upande mmoja kwenye mpira wa servo inazuia kweli, kwa sababu ile ya zamani huvuja bila mtu kujua. Ya pili ni tangi dogo la akiba la ombwe, linalojazwa kila unapoachia mafuta injini ikiwa na mizunguko mingi, kwani wakati huo hata kamshafti kali huvuta ombwe la kina. Tangi hilo husaidia mikanyago miwili au mitatu, basi. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayepita 264, ni pampu ya umeme ya ombwe yenye swichi ya shinikizo, kama zile zinazofungwa kwenye baadhi ya magari ya kisasa.

Hapa pana jambo la kuzingatia kwa wale wanaokwenda Naivasha kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu. Kuteremka ule mteremko ukiwa kwenye gia ya tatu au ya pili, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, hukupa ombwe la kutosha pamoja na breki ya injini. Kuteremka ukiwa nyutro, injini ikiwa sailensi, juu kule ambako hewa ni nyembamba kuliko ya mjini, ni kulinyima gari vyote viwili kwa mpigo.

Kufunga

Springi za valvu zinunuliwe pamoja na kamshafti, zikiwa zimependekezwa na mtengenezaji huyohuyo. Valvu ikiwa wazi kabisa, springi ibakishe walau milimita 1 kabla ya koili zake kugusana. Kwenye injini ambazo shimu (kisahani cha kurekebisha nafasi ya valvu) hukaa juu ya tepeti, mnyanyuo mkubwa pamoja na mizunguko mingi huweza kuirusha shimu kutoka mahali pake, na kinachofuata hakielezeki kwa lugha ya heshima. Kwa kamshafti za namna hiyo badilisha utumie tepeti zenye shimu chini.

Nafasi kati ya valvu na pistoni hupimwa, haikisiwi, hata kama umeambiwa kwamba injini yako haigonganishi valvu ikikatika belti. Maneno hayo yalihusu kamshafti ya kiwandani. Bandika plastisini kwenye pistoni, fungia silinda hedi pamoja na gasketi yake, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, fungua, kisha kata plastisini na upime unene wake mahali ilipobanwa zaidi. Milimita 1.5 kwa valvu ya kuingiza na milimita 2 kwa valvu ya kutoa ndiyo mipaka inayozoeleka. Kama silinda hedi imepigwa fesi (imechongwa uso wake wa chini) ili kuongeza kompresheni, rudia kipimo baada ya kazi hiyo, si kabla yake.

Kamshafti iliyosagwa upya katika karakana za Industrial Area au kando ya Barabara ya Kirinyaga inaweza kuwa nzuri na ya bei nafuu, ila ujue inavyotengenezwa. Msagaji haongezi chuma kwenye nundu. Hupunguza sehemu ya mduara iliyo mgongoni mwake. Mnyanyuo ukiongezeka kwa milimita 0.8, mgongo umepungua kiasi hichohicho, na shimu nazo lazima ziwe nene zaidi kwa milimita 0.8. Ichukue kamshafti hiyo mkononi, iweke kwenye vitalu viwili vya V, na upitishe daili geji (kipimo cha sehemu ndogo za milimita) juu ya kila nundu. Zote nane ziwe na mnyanyuo uleule. Ukikuta moja imepishana na wenzake kwa sehemu ya kumi ya milimita, irudishe. Angalia pia rangi na mng'aro: nundu iliyochomwa kwa kusagwa haraka huonyesha vivuli vya kahawia au samawati, nayo haitadumu.

Funga gurudumu la digrii kwenye kranki, tafuta kilele halisi cha pistoni ya kwanza, kisha hakikisha kwamba valvu zinafunguka na kufunga mahali karatasi inaposema. Alama za belti pekee hazitoshi, hasa kwa hedi iliyopigwa fesi. Puli zinazorekebishika ni za lazima hapa. Kwa gari la barabarani, ninaanza kwa kuisogeza mbele kamshafti ya kuingiza kwa digrii mbili hadi nne za kranki ili valvu ifunge mapema, kisha naisogeza mbele ya kutoa kwa kiasi hichohicho ili kipindi cha valvu kuwa wazi pamoja kisirefuke. Soma vizuri alama za puli, kwani nyingine zimepigwa kwa digrii za kamshafti na nyingine kwa za kranki, na tofauti yake ni mara mbili.

Weka nafasi za valvu, yaani kati ya nundu na tepeti, injini ikiwa baridi. Kwa 4A-GE ya asili ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa kuingiza na 0.20 hadi 0.30 kwa kutoa, ila kamshafti mpya ikija na vipimo vyake, fuata hivyo. Paka nundu zote mafuta ya kukusanyia injini, jaza oili, zungusha stata plagi zikiwa nje hadi taa ya oili izime, kisha washa na uiweke injini kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 bila kuiacha ishuke sailensi.

Kutyuni kwa ajili ya foleni

Tyuna wengi hupenda kuanza na mashine ya kupima nguvu, pedali ikiwa chini kabisa. Mwambie wako aanze upande wa pili. Sailensi ya kamshafti ya 264 hapa Nairobi itakaa vizuri kwenye mizunguko 950 hadi 1,100. Ukiilazimisha ibaki 800 itazima kila feni ya rejeta inapoanza kuzunguka. Petroli iwe nyingi kidogo, uwiano wa 13 hadi 13.8 kwa moja, na usiruhusu kompyuta ifuate sensa ya oksijeni wakati huo. Hewa isiyoungua hupita moja kwa moja hadi kwenye ekzosi, sensa hudhani petroli ni kidogo, kompyuta huongeza, na matokeo yake ni harufu inayokuchoma macho ukiwa umefunga vioo. Taimingi ya moto sailensi iwe digrii 15 hadi 20, ikipanda kidogo mizunguko inaposhuka na ikishuka mizunguko inapopanda, ili injini ijirudishe yenyewe.

Magari yanayopima hewa kwa mlango wa kusukumwa na upepo, kama baadhi ya 4A-GE za mwanzo, huchanganyikiwa na mawimbi yanayorudi kwenye manifoldi. Kompyuta inayosoma shinikizo la manifoldi hufanya vizuri zaidi hadi karibu 272. Wenye throtoli (milango ya hewa) nne, moja kwa kila silinda, wasome nafasi ya throtoli badala ya shinikizo, na wajue kwamba servo yao itahitaji pampu.

Kero kubwa zaidi haiko kwenye sailensi, bali kwenye mwendo wa kilomita 10 hadi 20 kwa saa, gia ya kwanza, mguu ukigusa tu pedali. Hapo gari hurukaruka mbele na nyuma. Ifungue ramani ya kompyuta, yaani jedwali lake la petroli na taimingi, na utazame visanduku vya mizunguko 1,000 hadi 2,000. Mara nyingi utakuta taimingi ya moto ikiruka digrii nane au kumi kutoka kisanduku kimoja hadi jirani yake. Lainisha mteremko huo, ongeza petroli kidogo, na uzime ukataji wa petroli (unaotokea mguu ukiachia pedali) chini ya mizunguko 1,800. Kama bado linaruka, angalia mipira ya kushikilia injini kabla hujaendelea kuilaumu kamshafti.

Jaribio la mwisho lifanyike saa nane mchana, si alfajiri: taa zote zimewaka, eyakoni kama ipo, watu wawili ndani, kutoka Westlands hadi Industrial Area kupitia katikati ya jiji. Fuatilia joto la maji, ombwe na sailensi, na uandike kila mahali gari lilipozima au liliposita. Baada ya kilomita 1,000 pima tena nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Ikiwa nafasi moja imepanuka peke yake, toa tepeti hiyo uitazame uso wake, kwa sababu nundu iliyo juu yake imeanza kulika.